Picha za tovuti na simu: namna ya kuchagua kati ya JPEG, PNG, WebP, AVIF na wenzao

Niliwahi kuliharibu jedwali zuri kwa amri moja tu. Nilikuwa na folda ya picha za ukurasa mmoja, nyingi zikiwa za kamera na chache za skrini zenye majedwali. Nikaandika amri ya kuzigeuza zote kuwa WebP kwa ubora wa 75, nikaenda zangu. Niliporudi, picha za kamera zilikuwa safi. Lile jedwali lenye tarakimu nyekundu juu ya weupe lilikuwa limechafuka: kila tarakimu ina ukungu wa waridi pembeni, kama wino uliodondokewa na maji. La kuudhi zaidi, nilipoibana upya ile picha ya skrini kwa njia ya WebP isiyopoteza kitu, faili lilitoka safi na tena jepesi kuliko lile chafu.

WebP haikuwa na kosa. Mkosaji ni mimi niliyeuliza "fomati ipi ni bora?" kabla ya kuuliza "hii ni picha ya namna gani, na inakwenda kuonekana wapi?" Ndiyo maana katika mwongozo huu fomati zinaingia hatua ya tatu.

Hatua ya 1: Itazame picha yenyewe

Ivute karibu mpaka pikseli zionekane. Ukiona rangi zinabadilika kidogo kidogo kutoka pikseli hadi pikseli, kama kwenye ngozi, majani, mawingu au mchanga, hiyo ni picha ya kamera. Ukiona maeneo mapana ya rangi moja yaliyokatwa kwa kingo kali, yaani maandishi, majedwali, chati na picha za skrini, uko kwenye familia nyingine kabisa. Familia ya tatu ni maumbo: nembo, aikoni, ramani rahisi, vitu ambavyo mchoraji aliviunda kwa mistari. Ya nne ni picha zinazocheza.

Tofauti hii ina uzito kwa sababu kuna kubana kwa namna mbili. Kubana kwa kupoteza hutupa taarifa ambazo jicho halizitambui kirahisi. Kubana bila kupoteza hurudisha kila pikseli kama ilivyokuwa. JPEG iko kundi la kwanza: huikata picha vipande vya pikseli 8 kwa 8, kisha ndani ya kila kipande hutupa chembe ndogo ndogo. Tena mara nyingi huhifadhi mwanga kwa ukamilifu lakini rangi kwa ubahili, kiasi kwamba pikseli nne za mraba mmoja hugawana rangi moja. Mpango huo huandikwa 4:2:0. Kwenye uso wa mtu huwezi kuugundua. Kwenye herufi nyembamba nyekundu juu ya weupe, rangi ya herufi humwagikia jirani zake. Hicho ndicho kilichonipata, kwa kuwa WebP ya kupoteza haina mpango mwingine isipokuwa 4:2:0.

Picha ngumu kuliko zote ni ya mseto: bango lenye sura ya mtu na maandishi juu yake. Kama uwezo upo, yatoe maandishi ndani ya picha na uyaandike kwa HTML juu yake. Yatasomeka vizuri kwenye skrini ndogo, na msomaji asiyeona atasomewa na simu yake. Ukishindwa, AVIF ya 4:4:4, isiyogawanya rangi, ndiyo kimbilio.

Hatua ya 2: Punguza pikseli kabla ya kugusa fomati

Hapa ndipo uzito mwingi unapopungua, na hapa ndipo watu wengi hawapiti. Chukua picha ya simu ya pikseli 4000 kwa 3000, yaani milioni 12. Kwenye ukurasa itakaa katika nafasi yenye upana wa pikseli 400 za CSS, yaani vipimo ambavyo ukurasa wenyewe hutumia. Simu nyingi za kisasa zina skrini yenye pikseli halisi tatu kwa kila moja ya CSS, kwa hiyo upana unaohitajika ni 1200, na kimo ni 900. Hizo ni pikseli milioni 1.08, kama moja ya kumi na moja ya ulichokuwa nacho. Hakuna fomati duniani itakayokupa punguzo hilo kwa kubadilisha jina la faili tu.

Kuna na jambo la kumbukumbu ya simu, ambalo wengi hulichanganya. Faili linaweza kuwa la kilobaiti 200, lakini likifunguliwa, kila pikseli hukaa kwenye kumbukumbu kwa baiti 4. Picha ya 4000 kwa 3000 inakula megabaiti 48, iwe ilikuja kama JPEG, WebP au AVIF. Ile ya 1200 kwa 900 inakula 4.32 tu. Orodha ya picha ishirini kubwa inaweza kuiangusha programu kwenye simu dhaifu hata kama mafaili yenyewe ni mepesi kama unyoya.

Tengeneza saizi tatu au nne kwa kila picha, mathalani upana wa 400, 800, 1200 na 1600. Daima anzia kwenye faili asilia. Ukichukua JPEG iliyokwisha kubanwa ukaibana tena, dosari za mwanzo hubebwa pamoja na za pili.

Hatua ya 3: Wajue wagombea

JPEG ni mzee wa mwaka 1992, na bado hufunguka kila mahali: kivinjari cha zamani, barua pepe, mashine ya kuchapa, kamera. Haina uwazi wa usuli. Ina sifa moja ambayo WebP na AVIF hazikuirithi vizuri: ikihifadhiwa kwa namna ya maendeleo (progressive), huonyesha picha nzima ikiwa na ukungu mapema, kisha hujisafisha kadiri baiti zinavyowasili. Kwenye mtandao wa kusuasua hilo lina thamani yake.

PNG ilizaliwa mwaka 1996 baada ya mzozo wa hataza ya njia ya kubana iliyotumika kwenye GIF. Haipotezi kitu na ina uwazi kamili. Ni nzuri kwa picha za skrini na kama faili la kati unapofanya kazi. Kwa picha za kamera ni mzigo mtupu.

WebP ilitangazwa na Google mwaka 2010, ikitokana na teknolojia ya video ya VP8. Watu husahau kwamba ndani yake kuna fomati mbili zisizofanana: ya kupoteza na isiyopoteza. Google yenyewe inasema ya kupoteza huwa nyepesi kuliko JPEG kwa asilimia 25 hadi 34, na isiyopoteza ni nyepesi kuliko PNG kwa asilimia 26. Ile ya kwanza ichukue kwa tahadhari, maana JPEG iliyobanwa na programu nzuri kama MozJPEG hulipunguza pengo hilo sana. Ile ya pili ni dhahabu: kwa picha za skrini na michoro, WebP isiyopoteza ndiyo chaguo langu la kwanza. Safari, kivinjari cha Apple, ilichelewa kuikubali hadi toleo la 14, mwaka 2020, na sasa vivinjari vyote vikubwa vinaifungua. Ina ukomo wa pikseli 16383 kila upande, kwa hiyo picha ndefu sana ya skrini inaweza kukataliwa.

AVIF ilitoka mwaka 2019 kwa Alliance for Open Media, ikitumia njia ya video ya AV1. Kwa picha za kamera zinazobanwa sana, ndiyo bingwa. Hubeba biti 8, 10 au 12 kwa kila rangi, na anga linalofifia taratibu halikatiki mistari mistari kama kwenye JPEG. Chrome iliikubali 2020, Firefox 2021, Safari 2022 kwenye toleo la 16, na Edge ikaja mwisho mwanzoni mwa 2024. Gharama zake ni tatu. Kuibana huchukua muda mrefu. Kwa kawaida haionyeshi chochote mpaka faili liwe limewasili lote. Na ikibanwa kupita kiasi hailalamiki kwa vipande kama JPEG, hulainisha. Ngozi inakuwa kama ya mwanasesere, nyasi zinakuwa zulia. Kwa kuwa picha bado inaonekana "safi", mtu huipitisha bila kujua kwamba imepoteza nusu ya uhai wake. Na usiitumie bila kupoteza kwa picha za skrini. Hapo WebP humshinda bila jasho.

JPEG XL ni fomati ninayoipenda kuliko ninavyoweza kuitumia. Inaweza kuifunga upya JPEG uliyonayo ikawa nyepesi kwa takriban asilimia 20, na baadaye ikakurudishia JPEG ileile baiti kwa baiti. Safari huifungua tangu toleo la 17, mwaka 2023, lakini mwaka huohuo Chrome iliondoa usaidizi wake wa majaribio. Kwa picha za umma, huwezi kuitegemea peke yake.

HEIC ndiyo fomati ambayo iPhone huhifadhia picha tangu iOS 11 ya mwaka 2017. Inabeba hataza za HEVC, njia ya kubana video, na, ukiacha Safari, vivinjari vikubwa haviifungui. Ichukulie kama malighafi: ipokee, igeuze, usiitume kwa msomaji.

SVG si pikseli bali ni maelekezo ya kuchora, kwa hiyo nembo moja hutosha kwenye kila skrini. Ipitishe kwenye SVGO, programu ya kusafisha SVG, kwanza, maana programu za kuchorea hujaza takataka ndani yake. Kama watu wa nje wanapakia mafaili kwenye mfumo wako, kumbuka kuwa SVG inaweza kubeba skripti. Ikatae au isafishe.

GIF ina rangi 256 tu. Kwa picha inayocheza, tumia video fupi isiyo na sauti.

Hatua ya 4: Bana, kisha tazama kwa macho

Namba za ubora hazilingani kati ya fomati na fomati. 80 ya JPEG si 80 ya WebP, na 80 ya AVIF ni kubwa kupita mahitaji ya kawaida. Maktaba maarufu ya kuchakata picha iitwayo sharp huanza na 80 kwa JPEG na WebP, lakini 50 kwa AVIF, na hilo si bahati mbaya. Hizi ndizo amri ninazoanzia kwa picha ya kamera (`magick` ni ya programu ya ImageMagick, `cwebp` hutengeneza WebP, na `avifenc` hutengeneza AVIF):

```
magick asili.jpg -auto-orient -resize 1200x kati.png
cwebp -q 80 -metadata icc kati.png -o mlima-1200.webp
avifenc -q 60 -s 6 -y 420 kati.png mlima-1200.avif
```

Amri ya kwanza inasimamisha picha wima na kuipunguza, ikiihifadhi kama PNG ili isipoteze kitu mara mbili. Ya pili na ya tatu zinatoa mafaili ya kutumika. Kwenye avifenc, `-s 6` ni kasi: ukishuka kuelekea 0 utasubiri zaidi upate faili dogo zaidi. Kwa picha ya skrini, badilisha hivi:

```
cwebp -lossless -z 9 skrini.png -o skrini.webp
```

Ukilazimika kubana maandishi kwa WebP ya kupoteza, ongeza `-sharp_yuv`. Hupunguza ule ukungu wa rangi ingawa hauuondoi wote. Asiyependa kuandika amri atumie Squoosh ndani ya kivinjari. Inakuwekea picha mbili ubavu kwa ubavu na mstari wa kusogeza katikati, na kwa mtu anayejifunza hakuna mwalimu bora kuliko mstari huo.

Utazame nini? Usizunguke picha nzima. Nenda kwenye sehemu za giza, ambako WebP ya kupoteza hupenda kufuta kivuli kikawa doa moja. Nenda kwenye nywele na kitambaa, ambako AVIF hulainisha. Nenda kwenye anga karibu na ukingo wa jengo, ambako JPEG huacha vumbi. Tazama kwa ukubwa halisi na kwenye simu, si kwa kuvuta mara nne kwenye kompyuta. Ukivuta hivyo kila picha ni mbaya. Shusha ubora mpaka uone dosari, kisha panda ngazi moja. Fanya hivyo kwa picha kumi zinazotofautiana, upate namba moja kwa kila familia, ndipo ubane maelfu yaliyobaki.

Hatua ya 5: Mpe kivinjari nafasi ya kuchagua

Usiache mbachao kwa msala upitao: AVIF iweke mbele, lakini JPEG ibaki nyuma yake. Alama ya `picture` imetengenezwa kwa kazi hiyo.

```
<picture>
  <source type="image/avif"
    srcset="mlima-400.avif 400w, mlima-800.avif 800w, mlima-1200.avif 1200w"
    sizes="(max-width: 600px) 100vw, 400px">
  <source type="image/webp"
    srcset="mlima-400.webp 400w, mlima-800.webp 800w, mlima-1200.webp 1200w"
    sizes="(max-width: 600px) 100vw, 400px">
  <img src="mlima-800.jpg" width="800" height="600"
    alt="Kilele cha mlima chenye theluji asubuhi" loading="lazy">
</picture>
```

Kivinjari husoma kutoka juu kwenda chini na kuchukua `source` ya kwanza anayoielewa. Hakipimi ipi ni nyepesi. Ikitokea AVIF ya picha fulani imetoka nzito kuliko WebP yake, na kwa picha ndogo au zenye chembechembe hutokea, ifute tu hiyo AVIF.

`width` na `height` huzuia ukurasa kurukaruka picha inapowasili. `loading="lazy"` ni kwa picha za chini. Ile kubwa ya juu, inayoonekana mara ukurasa unapofunguka, iondolee `lazy` na uipe `fetchpriority="high"`, maana mara nyingi ndiyo inayopimwa kwenye LCP, kipimo cha muda ambao kitu kikubwa kuliko vyote kwenye skrini huchukua kuonekana, ambacho Google hutaka kisizidi sekunde 2.5. Nimeona watu wakihangaika wiki nzima na fomati wakati tatizo lilikuwa neno `lazy` kwenye picha hiyo moja.

Njia nyingine ni kuiachia seva. Kivinjari hutuma kichwa cha `Accept` kinachotaja `image/avif` au `image/webp`, seva inajibu kwa faili linalofaa chini ya anwani ileile. Ukifanya hivyo, weka `Vary: Accept` kwenye majibu. Bila hicho, kache (hifadhi ya muda) iliyo katikati inaweza kumpa AVIF mtu mwenye kivinjari cha zamani, akaona kisanduku kitupu.

Zipo sehemu ambazo fomati mpya usizipeleke. Barua pepe ni ya kwanza: baki na JPEG, PNG na GIF. Picha ya kionjo inayotokea mtu anapotuma kiungo chako kwenye mitandao ya kijamii nayo iwe JPEG au PNG, kwa sababu inayosomwa pale ni roboti ya mtandao husika, si kivinjari.

Hatua ya 6: Ndani ya programu ya simu

Kwenye programu ya simu, swali la kwanza ni toleo la chini kabisa la mfumo unaloliunga mkono. Android hufungua WebP isiyocheza, pamoja na isiyopoteza na yenye uwazi, tangu 4.3, na AVIF tangu Android 12. iOS hufungua WebP tangu 14 na AVIF tangu 16. Kwa picha zilizofungwa ndani ya kifurushi cha Android, WebP ndiyo salama leo, na Android Studio inazigeuza PNG zako kwa kubofya tu. Mafaili ya `.9.png`, yale yanayonyooka kufuata kitufe, yaache yalivyo, hayageuzwi.

Android haifungui SVG moja kwa moja. Huingizwa kama VectorDrawable, fomati ya Android yenyewe ya michoro ya vekta, na Google inashauri isizidi dp (kipimo cha skrini cha Android) 200 kwa 200, kwa sababu mchoro mkubwa wa vekta huchelewa kuchorwa. Mchoro wa skrini nzima wenye mistari elfu moja ni bora ukawa WebP.

Kwa picha zinazotoka kwenye seva, omba saizi inayolingana na nafasi ya kuonyeshea, na tumia maktaba inayopunguza picha wakati wa kuifungua, kama Glide au Coil. Maktaba hizo zisasishwe. Septemba 2023 tundu la usalama lililopewa namba CVE-2023-4863 liligunduliwa kwenye libwebp, maktaba ya kufungua WebP iliyomo ndani ya Chrome, Firefox na programu nyingine chungu nzima. Picha moja iliyotengenezwa kwa hila ilitosha kulitumia.

Hatua ya 7: Kabla hujachapisha

Picha ya simu hubeba metadata: aina ya kamera, saa, na mara nyingi mahali ilipopigwa kwa nukta za GPS. Zifute. Lakini usifute kila kitu kwa upofu, kwani humo mna vitu viwili unavyovihitaji. Cha kwanza ni mwelekeo. Simu nyingi huhifadhi picha ikiwa imelala na kuandika pembeni "igeuze"; ukifuta maandishi hayo bila kuigeuza kwanza, mtu aliyesimama ataonekana amelala. Ndiyo kazi ya `-auto-orient` kwenye amri ya juu. Cha pili ni maelezo ya rangi. iPhone hupiga kwa Display P3, mpangilio wenye rangi nyingi kuliko wa kawaida, na cwebp, usipoiambia vingine, huyatupa maelezo hayo, ndipo machungwa mekundu yanapogeuka ya kufifia. `-metadata icc` inaokoa hilo bila kubakiza GPS.

Mwisho fungua ukurasa kwenye simu halisi na kwenye kompyuta, ingia sehemu ya mtandao ya zana za msanidi, na usome `Content-Type` ya kila picha. Jina la faili linaweza kukudanganya, na hata `Content-Type` yenyewe, maana seva nyingi huiandika kwa kufuata jina hilo. Nimewahi kukuta faili la `.webp` ambalo ndani lilikuwa PNG iliyobadilishwa jina tu, na ukurasa wote ulikuwa ukilibeba kwa miezi kadhaa bila mtu kushtuka, kwa kuwa vivinjari vililifungua bila kulalamika.